Gedi bila mwongozaji ni kuta tu: maoni ya mwashi

Gedi ni magofu ya mji wa kale, ndani ya msitu karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Nianze na pesa, maana ndizo mnaziulizia sana. Ukitoka Mombasa panda matatu ya Malindi, shukia kijiji cha Gede kwenye njia panda ya Watamu, kisha tuktuk ikupeleke hadi langoni. Beba kitambulisho, kwa sababu mwananchi halipi sawa na mgeni. Halafu, na hapa ndipo naomba mnisikilize, tenga pesa ya mwongozaji wa pale pale. Ukiibania hiyo utazunguka msituni ukipiga picha, na jioni ukiulizwa umeona nini utajibu: kuta.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kupelekwa na kampuni moja ya ziara ambayo sitaitaja. Jamaa wao alikuwa mcheshi na Kiingereza kimenyooka, lakini alitukimbiza kama watu wanaofukuzwa na askari wa kanjo, akatuambia mji ulijengwa na Wareno, akatujaza tena garini tuwahi samaki Watamu. Wareno! Hao walikaa Malindi, kilomita 16 hivi kutoka hapa, na maandishi yao yote hayautaji mji huu hata mara moja. Gedi ni mji wa Waswahili. Kuna kaburi pale lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Vasco da Gama alikuwa hata hajazaliwa.

Safari hii nilikwenda na mama watoto na vijana wetu wawili, tukampata kijana wa Kigiriama aliyekulia vijiji vya hapo. Kabla hatujaanza aliuliza kila mmoja anafanya kazi gani. Nilipomwambia mimi ni mwashi, akacheka. "Basi mzee, leo wewe ndiye utakayenieleza mimi." Akaacha njia ya kawaida, akatuingiza moja kwa moja kwenye nyumba za watu.

Nyumba hizo zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Aliyevichimbua ni mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza mwaka 1948 na kuendelea kwa miaka kumi hivi. Nilipenda sana mpango huo. Jina la mwenye nyumba limepotea, lakini tunajua alikuwa na mkasi, na inasemekana mkasi wenyewe ulitoka Uhispania. Taa ilitoka India. Zile sarafu ni za wafalme wa nasaba ya Song, zina tundu la mraba katikati la kupitisha uzi. Ukisimama kwenye kizingiti cha nyumba kama hiyo, katikati ya msitu, huku kima wanarukia matawi juu yako, unaanza kuhesabu bahari ngapi zilivukwa ili mtu mmoja apate taa yake. Baadhi ya vitu utaviona kwenye makumbusho madogo ya hapo hapo, na vingine viko Fort Jesus, kwa hiyo ukiwa na nafasi anza na Gedi halafu umalizie Mombasa.

Sasa kazi yenyewe, mniwie radhi wasio mafundi. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yameshikwa na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Pale palipohitaji kuchongwa vizuri, kwenye matao na mihrabu, walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, maana yakiwa mabichi hukatika vizuri kwa kisu na yakikauka huwa magumu. Vyumba ni virefu lakini vyembamba. Mke wangu alisema watu wa zamani walipenda kubanana. Siyo. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti: mti wa mkoko una urefu wake, na dari ya mawe na chokaa ni nzito, huwezi kuinyoosha zaidi ya hapo ikakuvumilia. Kijana aliniacha nieleze, kisha akaniongezea ambalo silijui: chumba cha nyuma kisicho na mlango kabisa. Uliingia kwa kupanda ngazi na kupenya kwenye tundu lililo juu ukutani. Ndiyo stoo ya mali. Nimejenga stoo nyingi, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia nisiweke mlango.

Vyoo navyo viangalieni. Vya shimo, vimepigwa plasta safi, na pembeni kuna mahali pa kutawadhia. Ziko nyumba za kupanga Kisauni leo ambazo choo chake hakifiki hapo.

Lakini kilichonifanya niandike maoni haya ni fingo, yaani kinga inayofukiwa ardhini kulinda nyumba. Kijana alitusimamisha mlangoni mwa nyumba moja akatuambia tusikanyage kwanza. Akaeleza kwamba Kirkman alikuta vyungu vimefukiwa ardhini, chini ya pale ambapo watu wanapita. Ndani ya chungu iliwekwa dawa, na iliaminika kuna jini aliyeitwa akae humo alinde nyumba. Mwenye nia mbaya akivuka, anarukwa na akili. Kijana wangu mkubwa, ambaye siku hizi kila kitu anakibishia, akauliza: hawa si walikuwa Waislamu, na msikiti uko pale? Nilidhani mwongozaji atakwepa. Hakukwepa. Alisema, "Walikuwa Waislamu, na mlango walitaka ulindwe. Muulize babako kama hajaona."

Nimeona. Niko kwenye ujenzi tangu nikiwa saidia fundi, na misingi niliyoisimamia siyo michache. Mwenye nyumba anakuja na mbuzi, damu inamwagwa kwenye msingi kabla ya jiwe la kwanza. Mwingine anasomesha kisomo. Mwingine anakuja jioni peke yake, anakuomba ukanywe chai kidogo, ukirudi unakuta kona moja udongo umefukuliwa na kurudishwa, na wewe unamwaga zege bila kuuliza. Vitabu vya historia vina mazoea ya kutenga dini huku na mila kule. Pale Gedi vyote viko kwenye kizingiti kimoja, na fundi aliyekijenga bila shaka alijua kilichokuwa chini.

Msikiti mkuu tulifika jua likiwa limepanda. Nguzo zilipokuwa zimesimama zinaonekana, mihrabu bado ipo, na ilikuwa imepambwa kwa mabakuli ya kauri yaliyopachikwa kwenye chokaa. Nje kuna kisima na mfereji uliopeleka maji kwenye birika la udhu. Angalieni pia tao la mlango mmoja, juu pembeni: umechongwa mkuki. Mwongozaji asiye wa pale atawapitisha bila kuuonyesha, ni mdogo. Wetu alisema mkuki ulikuwa alama ya utawala katika pwani hii, na hapo akanyamaza, hakujaza hadithi. Nampa alama nyingi kwa hilo.

Makaburi ya mnara sikuyapa muda wa kutosha kwa sababu mdogo alikuwa anataka maji. Ikulu ni kubwa, nyua na vyumba vinaingiliana, nenda ukajionee. Kwa kusema kweli, nyumba za kawaida zilinishika zaidi.

Kuhusu mashetani, najua mtauliza. Wazee wa pale bado huja kutoa sadaka, na wenyeji wanaamini mahali pana wenyewe. Kirkman mwenyewe aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, siyo adui wala rafiki. Mimi nilichohisi ni mbu. Lakini mke wangu alikataa kuokota hata kigae kilichovunjika, na hapo alikuwa sahihi kwa sheria na kwa imani pia: vitu vya pale havichukuliwi.

Mji uliachwa katika karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: mashambulizi, Waoromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa baada ya Wareno kuiteka, na maji kukauka. Kama fundi mimi naegemea maji. Chungulia visima vile uone jinsi vilivyo virefu. Mji wenye ukuta unaweza kustahimili adui kwa muda, lakini kisima kikikauka hakuna la kujadiliana.

Mwaka 2024 UNESCO iliingiza Gedi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hiyo tarajieni mabasi ya shule na wageni wengi. Nendeni asubuhi mapema. Vaeni viatu vilivyofungwa, mizizi ya miti imeinua ardhi kila mahali. Ndizi na mkate viacheni garini, kima hawaombi. Mkiwa na watoto, mradi wa vipepeo wa Kipepeo uko hapo hapo karibu na lango, na wetu wawili walitaka kulala huko.

Ningemshauri nani asiende? Mwenye magoti mabovu, na anayetaka kuona dhahabu. Wengine wote nendeni, ila mwongozaji mwambieni kazi zenu kabla hamjaanza kutembea, na bei yake mkubaliane langoni, siyo mkishamaliza.