Lenzi za zamani kwenye kamera za mirolesi: anza na ipi, adapta gani, na ukague nini kabla hujatoa hela

Kama una kamera ya mirolesi (mirrorless, ile ya lenzi za kubadilisha isiyo na kioo cha kuruka ndani) na lenzi uliyonayo ni ile ile iliyokuja nayo kwenye boksi, na hela ya lenzi mpya ya maana haipo, njia ipo na mimi naipita miaka kadhaa sasa. Unachukua lenzi ya enzi za filamu, ile ya chuma na kioo tupu, unaifungia adapta, unapiga kazi. Shida ni kwamba wengi wanaingia mkenge kwa kukimbilia jina, mtu anasikia Helios, ile lenzi maarufu ya Kirusi, anaagiza Helios yoyote anayoiona, mzigo unafika umejaa fangasi. Kwangu mimi hali ya lenzi ndo ya kwanza, adapta ya pili, jina la tatu, na orodha hii nimeipanga hivyo hivyo, yaani iliyo juu siyo maarufu kuliko zote ila ndo ambayo ukiinunua leo hutajuta.

Kwanza elewa kwa nini inawezekana, maana hapo ndo utajua usidanganywe kwenye adapta. Kila kamera ina umbali wake kati ya pale lenzi inapokaa na pale picha inapotua. Kamera za filamu zilizotumia lenzi hizi zilikuwa na kioo cha kuakisi kinachoruka juu ukibonyeza, kwa hiyo umbali ulikuwa mkubwa: skrubu ya M42 ni milimita 45.46, Nikon F 46.5, Minolta 43.5, Canon FD 42. Mirolesi hazina kile kioo, ndo maana Sony E ni milimita 18 tu, Fuji X 17.7, Canon RF 20, Nikon Z 16. Adapta inajaza ile tofauti basi. Ile ya kawaida ni bomba la chuma, ndani hamna kioo, hamna umeme, na ikiwa imetengenezwa vizuri haipunguzi ubora wa lenzi.

Na niseme mapema nani asinunue. Kama kazi yako ni harusi za mbio mbio, mpira, watoto wanaokimbia, kaa na lenzi yenye fokasi ya kujiendesha, hizi zitakupotezea picha za mteja. Ila kama unapiga watu waliotulia, bidhaa, chakula, mtaani taratibu, au unarekodi mahojiano ya video, hapo ndo nyumbani kwake, tena kwenye video ni raha zaidi kwa sababu ringi ya fokasi inazunguka mbali na inateleza laini, unaivuta taratibu kwa vidole viwili toka sura moja mpaka nyingine.

Namba moja: Super-Takumar 55mm f/1.8 (M42)

Hii ilikuwa inakuja na kamera za Asahi Pentax Spotmatic zilizoanza 1964. Ya kwangu niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha zamani, alifungua droo akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga, nikamwambia shikamoo mzee naomba nimulike, nikawasha tochi ya simu nikaangalia ndani, kioo safi kabisa, mzee akacheka akasema hiyo imekaa hapo tangu filamu ziishe dukani. Ukiishika unajua, chuma tupu, ringi ya fokasi inazunguka kama imepakwa siagi, apacha, ile ringi ya kupanua na kubana tundu la mwanga, inalia tik tik kila ukiisogeza.

Naiweka juu kwa sababu mbili. Ya kwanza, bei yake bado ni ya kibinadamu, mtandaoni nimeziona safi kwa dola 40 mpaka 70, na ubora wake ukifunga apacha mpaka f/4 (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo) unashindana na lenzi nyingi za leo. Ya pili ndo kubwa: ni ya skrubu ya M42. Skrubu hii ilitumika na Wajerumani, Warusi na Wajapani, kwa hiyo adapta moja uliyonunua mara moja itakubebea Takumar leo, Helios kesho, Pentacon keshokutwa, hutoi hela ya adapta tena.

Ina kaswichi ka A (apacha ya kujiendesha) na M (ya mkono) karibu na mkia. Weka M, la sivyo ukizungusha apacha bledi, vile vibati vya ndani vinavyobana tundu, hazitii na utadhani umeuziwa kimeo.

Angalizo: baadhi ya Takumar, hasa 50mm f/1.4 ya vioo saba na baadhi ya hizi 55mm za baadaye, zina kioo chenye thoriamu ambacho kikizeeka kinageuka njano kama chai ya rangi. Haijafa hiyo. Mwanga wa jua unairudisha, unaiweka dirishani siku nyingi kidogo huku nyuma umeweka karatasi ya foili irudishe mwanga, lakini kwa jua letu usiisahau pale saa sita mchana kwenye kioo cha gari, grisi inayeyuka inaenda kwenye bledi, na lenzi inakusanya jua kama kioo cha kuwashia moto. Thoriamu ina mionzi kidogo, kuibeba kwenye begi haina neno, ila usiweke jicho pale nyuma muda mrefu na usiifungue kuisaga kioo.

Namba mbili: Canon FD 50mm f/1.4

Hii ina historia inayokusaidia wewe mnunuzi. Mwaka 1987 Canon walibadilisha mfumo wote wakaleta EF, FD ikaachwa. Sasa EF ni milimita 44 na FD ni 42, kwa hiyo kwenye zile kamera kubwa za kidijitali FD haikuweza kukaa vizuri bila adapta yenye kioo, kioo ambacho kinaharibu picha. Miaka mingi hakuna aliyezitaka. Mirolesi zilipokuja ndo zikafufuka. Unapata f/1.4, mwanga wa kutosha kwa ukumbi wenye taa za njano, kwa hela ambayo lenzi mpya nyingi za f/1.4 huwezi hata kuziulizia.

Ile ya kizazi cha pili, New FD, ya kuanzia 1979, ni nyepesi na ndo napendekeza. Adapta ya FD ina ringi ya kufungia, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa: ukishafunga lenzi zungusha ile ringi mpaka uone bledi zinafunga na kufunguka unapozungusha apacha. Hazichezi? Hujaizungusha vizuri, toa rudia, usilazimishe kwa nguvu.

Kama FD safi haipo, Minolta MD au Rokkor 50mm f/1.7 ni jirani yake wa karibu, bei chini kidogo, rangi tamu za joto. Nazo zilikosa makazi kwenye kamera za kidijitali za zamani kwa sababu hiyo hiyo ya umbali.

Namba tatu: Helios 44-2 58mm f/2 (M42)

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hii. Mrusi, ilitengenezwa kiwanda cha KMZ Krasnogorsk na viwanda vingine, michoro imetokana na Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena, na ilikuwa inakuja na kamera za Zenit. Watu wanaitafuta kwa ajili ya ile boke (ukungu wa nyuma ya mtu) inayozunguka, majani ya nyuma yanakuwa kama kimbunga kimemzunguka mtu.

Sasa nisikilize vizuri. Ule mzunguko uko pembeni mwa picha. Kama kamera yako ni fulu fremu, yaani senza (kile kinachopokea picha) ni kubwa kama filamu ya 35mm, utauona wote. Kama ni ya senza ndogo, APS-C, pembeni panakatwa, 58mm inakuwa kama 87mm, unapata lenzi nzuri ya sura lakini kimbunga kinabaki nusu, halafu mtu analalamika kauziwa feki. Siyo feki. Na hata kwenye fulu fremu lazima uipange: apacha f/2, mtu wako mita moja na nusu hivi, nyuma yake mti au ua wenye majani madogo madogo yanayopitisha mwanga, uwe mbali kidogo. Ukuta mtupu haukupi kitu. Mwembe asubuhi saa mbili, jua likipenya katikati ya majani, hapo utanikumbuka.

44-2 ina ringi mbili za apacha, moja unachagua kikomo, nyingine unateleza kati ya wazi na kile kikomo bila tik tik, kwa video safi sana. Bledi zake ni 8. Ukikutana na 44M-4 na zile zinazofuata, hazina kaswichi ka A na M, kwa hiyo adapta lazima iwe na ukingo ndani wa kusukuma kile kipini cha nyuma, la sivyo lenzi inabaki wazi f/2 muda wote. Kwa nini namba tatu basi? Kwa sababu ya umaarufu bei imepanda, na nyingi zilizobaki sokoni zimefunguliwa na mafundi wasiojua. Mimi yangu ya kwanza niliagiza kwa muuzaji aliyeandika hali ni nzuri kabisa, ilivyofika ringi ya fokasi ilikuwa ngumu kama imemwagiwa gundi na ndani kuna alama ya kidole, alama ya kidole ndani ya lenzi, nikahangaika wiki tatu kurudishiwa hela.

Namba nne: Nikkor 105mm f/2.5

Kwa picha za sura hii lenzi ya Nikon naipenda kuliko zote hapa, na ingekuwa namba moja kama siyo urefu wake wa kuvuta, hizo 105mm. Kama hii ndo lenzi yako ya kwanza ya mkono utateseka, kufokasi 105mm kwa mkono ukiwa umeshikilia kamera kwenye senza ndogo kunataka mazoezi, picha nyingi zitatoka chenga. Ianze ukishazoea 50. Chukua za toleo la AI, kuanzia 1977, au AI-S, na kumbuka Nikon inazunguka fokasi kinyume na wengine wengi. Nikon za zamani kwetu huku siyo adimu, waandishi wa habari na studio walizitumia sana, ulizia kwa wazee kabla hujaagiza nje.

Nyingine kwa haraka. Olympus OM Zuiko 50mm f/1.8 ni ndogo mno na kali, nzuri kwa mwenye kamera ndogo. Pentacon 50mm f/1.8 inasogea karibu mpaka sentimita 33, kwa chakula na maua iko vizuri, ila bledi zake zina ugonjwa wa mafuta. Yashica ML 50mm ikitokea safi usiiache.

Adapta

Usinunue ile ya bei ya chini kuliko zote. Ikichezacheza, kila ukizungusha fokasi lenzi inayumba na utaichukia. K&F Concept kwa dola 20 mpaka 35 hivi inatosha watu wengi, Novoflex ni za daraja la juu na bei yake ni ya daraja hilo hilo. Chungulia ndani ya adapta: kama inang'aa itarusha mwanga na picha itafifia kama ina moshi, inatakiwa iwe nyeusi isiyong'aa. Na usishtuke fokasi ikipita kidogo baada ya alama ya mbali kabisa, adapta nyingi zinatengenezwa fupi kwa unywele makusudi, kwa hiyo usigonge ringi mpaka mwisho ukadhani umepata mlima, angalia kwenye skrini.

Kwa wenye APS-C kuna adapta zenye kioo ndani zinazobana picha kwa 0.71, Metabones ndo waliozitangaza sana 2013, na sasa kuna za bei nafuu za Zhongyi. Zinarudisha ule upana wa fulu fremu na kuongeza mwanga kituo kimoja, yaani mara mbili, kwa hiyo kimbunga cha Helios kinarudi. Nashauri, ila baada ya kuwa na lenzi mbili tatu za skrubu moja, siyo kabla.

Kukagua

Lenzi ikiwa mkononi, fungua apacha yote, weka tochi upande mmoja, angalia upande mwingine kwa mshazari. Vumbi kidogo ni kawaida, usikatae lenzi kwa vumbi. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, acha. Ukungu mweupe kote, acha. Rangi za upinde wa mvua ukingoni kwa ndani, vioo vimeachana gundi, acha. Kisha zungusha apacha mara kumi huku ukitazama bledi, zikiwa na mng'ao wa mafuta au zinarudi kwa uvivu, punguza bei au ondoka. Mtandaoni omba picha yenye mwanga nyuma ya lenzi, muuzaji akikataa huo ni ushahidi tosha.

Na kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, fangasi hawasubiri. Unyevu wa pwani unawalea. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika jeli, na kale kasaa kadogo ka kupima unyevu, ukikaa kati ya 40 na 50 kwa mia uko salama. Silika ikichoka ikaushe kwenye oveni moto mdogo. Begi la ngozi lililofungwa kabatini ndo mahali pabaya kuliko pote, nimeona Takumar nzuri imeoza humo.

Ukishafunga

Ingia kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi, vinginevyo shata inagoma. Washa zile rangi zinazoonyesha ukingo ulioko kwenye fokasi, halafu weka kitufe kimoja cha kukuza picha, maana rangi peke yake zinadanganya ukiwa f/1.4. Kama kamera ina stebilaiza ya ndani (kizuia mtikisiko), andika urefu wa lenzi kwa mkono, 55, 58, 105, kila ukibadilisha. Ukisahau ikabaki 105 wakati umefunga 50, stebilaiza inasahihisha kupita kiasi na picha inatikisika, na utailaumu lenzi bure.