Miche ya Miti Mikubwa: Ipi Ununue kwa Mombasa, Voi na Wundanyi

Malalamiko ninayoandikiwa na wasomaji tangu masika yapungue yanafanana kupita kiasi. Mti ulinunuliwa kwa bei ya juu, ukapandwa penye nafasi, ukamwagiliwa maji, ukapanda hadi ukaupita ukuta wa ua, kisha upepo wa kusi ukauangusha, na ulipoinuliwa ikaonekana kwamba mizizi haikuenea hata urefu wa mkono. Kila anayeandika huuliza ni aina gani ya mti ambayo ingestahimili. Nitalijibu swali hilo, ila si mwanzoni, kwa sababu miti inayolalamikiwa si ya aina moja: imo mikrismasi, imo miarobaini, na imo hata mikwaju, ambayo kwa kawaida haitishwi na upepo wa kwetu. Inachoshiriki yote ni kasoro ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni mizizi iliyojikunja ndani ya mfuko.

Uzuri wa majani, kasi ya kukua na rangi ya maua nitaviacha, kwani hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa.

Mche wa mti mkubwa ukiota ardhini hutangulia kushusha mzizi mkuu kabla haujashughulika sana na majani, na mkwaju pamoja na mbambakofi ni hodari mno kwa hilo. Ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki, mzizi huo hufika chini upesi, hugonga, hugeuka na kuanza kuzunguka. Mizizi ya pembeni nayo hufuata ukuta wa mfuko, hadi yote imejiviringa kama kamba ya nanga iliyokunjwa chomboni. Kuupanda mche hakuinyooshi mizizi hiyo. Mzizi ukishakuwa mti mgumu hubaki na umbo ulilolipata utotoni, kwa hiyo duara lile huendelea kunenepa palepale huku shina nalo likinenepa, na baada ya miaka michache mti unajikaba wenyewe. Juu majani yanapendeza, na chini hakuna kinachoushika. Mwezi wa Mei, udongo unapolowa na kusi linaposhika nguvu, si lazima ije dhoruba ili mti wa namna hiyo ulale.

Kuna kosa jingine linalotangulia hilo, nalo hutendeka siku mche unapohamishwa kutoka kitanda cha mbegu. Mfanyakazi mwenye haraka huchimba kitundu kifupi kwa kijiti, akausukuma mzizi mrefu ndani yake, ncha ikabaki imeelekea juu. Mche huo hutoa majani kama wenzake na macho hayautambui.

Kwa hiyo, ukifika kitaluni, anza kwa kuuinua mfuko. Ukigoma kutoka chini, mzizi umekwisha kuutoboa na kuingia ardhini, na muuzaji ataukata kwa panga mbele yako huku akikuhakikishia kwamba hauna neno. Una neno: huo aliokata ndio mzizi mkuu. Kisha lishike shina karibu na udongo ulitikise taratibu. Shina na bonge la udongo vinapaswa kwenda pamoja, na shina likicheza peke yake na kuacha mwanya, mizizi ya juu imepinda au haipo. Chomeka kidole kando ya shina. Ukigusa mzizi mnene uliolala na kulizunguka, uache. Mwishowe mwombe afungue mfuko mmoja, na uulipie hata usipouchukua, ili asipate sababu ya kukataa. Mizizi myeupe, membamba, inayoelekea chini ni dalili njema. Ile ya kahawia, minene, iliyokwisha kuchora duara mbili tatu chini ya mfuko haifai kwa bei yoyote. Mche wa sentimita 30 hadi 45 wenye shina la unene wa penseli utaupita, katika miaka michache, mche wa mita mbili uliozeekea mfukoni.

Upendeleo wangu siufichi. Miche ninayoitanguliza ni ya KEFRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, hasa ya kituo chake cha Gede, ingawa kutoka Mombasa ni safari ya karibu kilomita 100. Ninaipendelea kwa sababu mbili tu: mbegu zake asili yake inajulikana, na ukiuliza umri wa mche unapata jibu. Kwa jambo lenye kudumu miaka mia, nauli ya Gede si gharama.

Sasa aina zenyewe, nikianza na Mombasa. Nafasi ya kwanza naipa mkwaju, na sioni ulio karibu nao. Hustahimili chumvi ya hewani, hustahimili ukame, hupenyeza mizizi katika nyufa za mwamba wa matumbawe ulio chini ya sehemu kubwa ya kisiwa na Nyali, hufikia mita 20 na zaidi, na matawi yake hupinda kabla ya kukatika. Hauna haraka, hilo nalikubali. Lakini kivuli chake ni chepesi kiasi cha kuruhusu nyasi kuota chini yake, na nyumba inayopika viazi vya karai haitanunua ukwaju tena. Uweke mbali na ukuta, mita nane kwa uchache. Kwa kuwa nguvu yake yote iko katika mzizi mkuu, ndio mche ambao kwao ukaguzi niliouelekeza haurukwi.

Wa pili ni mbambakofi, mti wa milango ya kale ya mwambao, ambao bado uko katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Shimba Hills. Huu unapandiwa wajukuu. Mbegu zake nyeusi zenye kikofia chekundu ni kubwa, hivyo aliye na subira anaweza kuzipanda moja kwa moja shimoni na kuondokana kabisa na taabu ya mifuko.

Mwembe unashika nafasi ya tatu, ila mnunuzi aamue kwanza anachotaka. Mwembe wa kuunganishwa, yaani mche uliobandikwa kijiti cha mwembe mwingine, uwe Boribo, Ngowe au Apple, huzaa mapema lakini haufikii ukubwa wa ule wa kokwa, na anayetaka kivuli cha kukalia barazani anunue wa kokwa akubali kungoja. Kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo Kenya, kinafaa kwa ile ya kuunganishwa. Angalia kovu la kiungo liwe juu ya udongo.

Kwa viwanja vya mchangani, Shanzu na Bamburi, mvinje unaipita hata mikwaju. Ushahidi upo wazi: kuanzia mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipanda mivinje katika machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa pamebaki mwamba mtupu na maji ya chumvichumvi, na leo pale ni msitu ambao wengi wetu tulipelekwa na shule kuutazama. Mvinje hushirikiana na vijidudu vya mizizini vinavyoupatia naitrojeni, kwa hiyo chukua konzi moja ya udongo kutoka chini ya mivinje iliyokomaa uichanganye shimoni. Hauishi sana ukilinganisha na mkwaju, na katika udongo mzito wa mfinyanzi wa Miritini usiupande.

Mvule ni mti wa fahari, lakini miche yake hushambuliwa na mdudu anayevimbisha majani machanga, nao unataka unyevu wa upande wa Shimba Hills kuliko kiwanja cha mjini. Mbuyu sitaupanga. Mwenye ekari na aupande, na asiye nayo aende akaitazame ile ya Mama Ngina Drive.

Wasomaji wenye mashamba Voi na Kinango hununua miche Mombasa na kuipakia garini, na hapo ndipo makosa ya tabianchi huanzia. Nyanda kavu zinataka mukau, mti wa mbao ngumu zisizopendwa na mchwa, ambao KEFRI imeuzalisha kwa kuchagua miti inayostahimili ukame, ikiwa na shamba la mbegu huko Kitui. Bei ya mche wake ni ya juu kwa haki, maana mbegu imefungwa ndani ya kokwa gumu na kuiotesha ni kazi. Usikubali kuuziwa mwarobaini kwa jina la mukau: jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, la mukau mara mbili, yaani vijani vimepangwa juu ya vijiti vinavyotoka kwenye kijiti kikuu. Mukau huchukia maji yaliyotuama, kwa hiyo usiuteremshe pwani.

Kwa Wundanyi na milima ya Taita, nunua grevilea, ule ambao wengine huuita mukima. Asili yake ni Australia, na ulienea katika nyanda zetu za juu kama kivuli cha chai na kahawa. Joto la Mombasa haliupendezi. Mkalatusi uache kabisa penye chemchemi.

Za bei rahisi ni mwarobaini, mjohoro na mkungu, ambazo huota zenyewe chini ya mama zao. Ombeni kwa jirani. Mkungu huinua vigae.

Lililonichosha zaidi ni kwamba bei inapangwa kwa kimo. Muuzaji wa kando ya barabara huuchukua mche uliokosa mnunuzi kwa misimu miwili, akauhamishia katika mfuko mkubwa bila kuifungua mizizi, akauita mti wa mandhari, na bei ikapanda mara kadhaa. Akisikia unakwenda Nyali, inapanda tena. Anayelipa zaidi ndiye anayepata mizizi mibovu zaidi. Tangu serikali itangaze, Desemba 2022, lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, naona vitalu vya namna hii vimeongezeka, na kinachohesabiwa ni miche iliyotiwa shimoni, si miti iliyosimama baada ya miaka mitano. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba mizizi iliyozunguka ni dalili ya afya. Nilimwomba auze fimbo.

Agiza Februari, upande mvua za Aprili zinapoanza, na siku ya kupanda upasue mfuko wote kwa wembe kutoka juu hadi chini, ukate kila mzizi uliojikunja chini ya bonge kabla ya kuushusha shimoni. Miche ikisafirishwa juu ya gari, ifunike kwa gunia lililoloweshwa, kwani upepo wa barabara ya Malindi huikausha kabla hujafika Mtwapa.