Siki ipi ununue? Nyeupe kwanza, ya tufaha ingoje

Ndimu zikipanda bei ndipo watu hukumbuka siki. Kwenye kachumbari sibishani na mtu, ndimu ndiyo yenyewe. Lakini achari ya kukaa miezi, birika lililoganda chokaa na vioo vya madirisha ni kazi za siki, na hapo ndipo mtu husimama mbele ya rafu akashangaa: nyeupe, ya kahawia, ya tufaha, ya zabibu. Achukue ipi?

Kabla ya aina, geuza chupa usome nyuma. Kwanza asilimia ya asidi. Siki nyingi za jikoni huwa kati ya 4 na 5. Ya kuhifadhia achari isipungue 5. Pili, viungo. Ukikuta asidi asetiki na maji tu, pengine na rangi ya karameli, hiyo haikuchachushwa bali imechanganywa kiwandani. Si haramu wala si sumu, ila ukali wake ni mkavu, hauna ladha nyuma yake. Ya kusafishia inatosha kabisa.

Lebo naisisitiza kwa sababu nimeshaumia. Niliwahi kununua siki ya kupimiwa sokoni, kwenye chupa ya maji iliyokwisha kutumika. Nikakatia pilipili mbuzi, karoti na vitunguu saumu, nikajaza mitungi mitatu. Wiki ya pili nafungua, juu kumeota ukungu wenye manyoya. Siki ilikuwa imeongezwa maji, na mimi niliionja nikasema ni kali! Ulimi haupimi asilimia.

Ya kwanza kwangu ni siki nyeupe iliyochachushwa, yenye asilimia 5. Ni rahisi kuliko karibu zote, haitii mboga rangi, na chupa moja inahudumia jiko na nyumba nzima. Birika: changanya siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Kwa sisi tunaotumia maji ya kisima, magamba yanabanduka yenyewe bila kusugua. Nguo zinazobaki na utelezi wa sabuni, tia nusu kikombe kwenye maji ya kusuuzia. Sakafu ya terazo usiiguse nayo, wala marumaru halisi. Asidi hula mng'aro na haurudi. Usichanganye na jiki hata kidogo, kwani hutoka gesi ya klorini inayochoma mapafu. Na ule mtindo wa kumimina siki na magadi soda pamoja, povu linapendeza kutazama ila vinauana nguvu, unabaki na kitu kama maji ya chumvi.

Ya pili, na kwa chakula peke yake ningeiweka ya kwanza, ni siki ya mnazi. Tembo la mnazi, ile pombe yake, likiachwa na hewa, chachu hugeuza sukari kuwa kilevi, kisha bakteria hugeuza kilevi kuwa siki. Ndiyo maana mtungi wake hufunikwa kitambaa, haufungwi kifuniko. Ni ya mawingu kidogo, laini mdomoni, na inakaa vizuri na samaki na nyama. Wagoa, watu wa Goa kule India, hawapiki vindalu, mchuzi wao mkali wa nyama, bila siki ya namna hii. Tatizo ni kuipata: supamaketi nyingi hazina, na ya kienyeji huwa haina lebo, kwa hiyo itumie kwenye mchuzi, si kwenye achari ya kuweka. Walio Dubai au Muscat wajaribu maduka ya Wafilipino. Wanaouliza uhalali wake kwa kuwa imetokana na tembo: iliyogeuka yenyewe wanazuoni wameikubali, na siki imesifiwa kwenye hadithi kuwa kitoweo kizuri.

Ya tatu ni ya tufaha. Nzuri kwenye saladi na kulainishia nyama ya kuchoma, na ule utando unaoelea ndani si uchafu. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya nyeupe, na wengi wanailipia ahadi za kupunguza tumbo ambazo ushahidi wake ni mdogo. Ukiinywa bila maji inakula meno. Anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari wake kwanza. Kusafisha kwa siki ya tufaha ni kumwaga hela.

Ya kahawia ya shayiri ndiyo ya chipsi na samaki kwa mtindo wa Uingereza. Angalia tu isiwe asidi iliyopakwa rangi. Ya zabibu inunue ukiwa na mapishi yanayoitaja. Balsamiki ya Modena, ile siki nyeusi ya Italia, naiweka mwisho: ile ya asili hukaa kwenye mapipa miaka 12 au zaidi na bei yake inajieleza, na ile ya rahisi mara nyingi ni siki ya zabibu iliyotiwa utamu.

Ukishafika nyumbani, achari ipikie sufuria ya chuma cha pua, si ya alumini, na mitungi iwe ya kioo. Siki nyeupe iache kwenye chupa yake yenye lebo. Kwetu mtu aliihamishia kwenye chupa ya maji akaiweka kwenye friji, na mgeni aliyetoka juani ndiye aliyeigundua.