Bolti za Kufungia 1JZ Kwenye Mark II: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Haya wadau, karibuni. Leo injini tunaiacha pembeni, tunaongelea kinachoishika. Gari ni Mark II GX100, ilikuja na 1G-FE ya cc 1,988, na tunaishushia 1JZ-GE ya cc 2,492. Najua wengi mnaonitazama mko hapohapo: injini mmenunua, giaboksi mmepata, breketi mmehangaikia mpaka zimepatikana. Tatizo ni kwamba muuzaji kakupa injini tupu. Bolti zake zimebaki kwenye ndoo ya oili chafu huko ilikofunguliwa. Sasa fundi anakwambia, "Bosi, nenda Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri Dar, kaniletee bolti za 17 na za 14."

Usiondoke bado! 17 ni spana, si bolti.

Tazameni mkononi kwangu. Huyu ni Mjapani, mwili wake milimita 12, anafunguliwa kwa spana 17. Na huyu ni wa hardware, mwili milimita 10, vipimo vya Kijerumani, naye anafunguliwa kwa spana 17 ileile. Kwa hiyo fundi kasema kweli, mwenye duka kakuuzia kweli, na bado umerudi gereji na bolti inayocheza kwenye tundu. Ile ya 14 ya Toyota ndiyo ya milimita 10. Ukifika dukani taja unene wa mwili, taja uzi, taja urefu. Namba ya spana muachie fundi na boksi lake.

Uzi ndio unaoua watu. Kwenye injini hizi za Toyota, bolti ya milimita 10 na ya milimita 12 kwa kawaida zina uzi wa 1.25, yaani kutoka jino hadi jino ni milimita moja na robo. Bolti ya kawaida ya hardware, ile anayokutolea bila kuuliza, ya milimita 10 ina uzi wa 1.5 na ya 12 ina uzi wa 1.75. Zinafanana kwa macho. Ukiiweka inaingia mizunguko miwili, inagoma, halafu kuna fundi anasema "imeshika kutu tu hiyo", anachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu. Kama tundu ni la alumini, kwa mfano kwenye giaboksi, uzi wote unatoka kama shanga. Hapo unaanza kutafuta mtu wa kuchimba na kuweka uzi mpya, na hela yake inashinda bolti zote za gari.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua bolti unayojua ni ya pale, ilaze kwenye ile mpya, meno kwa meno, inua kwenye mwanga. Camera sogea... mnaona? Hizi mbili zimelaliana, hakuna mwanga unaopita. Hizi nyingine zinaanza pamoja, halafu katikati zinapishana. Na kwenye tundu lenyewe, bolti sahihi inaingia kwa vidole mpaka mwisho, mradi uzi umesafishwa. Ikikulazimisha kushika spana mapema, itoe.

Sasa tuzipime moja moja.

Namba moja yangu, na sitazunguka, ni ya mtumba ya Toyota, iliyotoka kwenye hafukati, yaani nusu gari iliyokatwa na kuletwa na injini yake. Watu wanaidharau kwa sababu ya rangi. Angalia kichwani: imegongwa 7. Hiyo ni daraja la Kijapani la 7T, chuma kisichokatika chini ya kilo 70 kwa kila milimita ya mraba. Kichwa kina sahani yake ya chini, huhitaji washa, kile kipete cha kuweka chini ya kichwa. Uzi ni wenyewe, urefu ni wenyewe. Ninachokagua ni shingo: ikiwa imevutika, utaona sehemu imekuwa nyembamba na meno yameachana. Hiyo tupa. Kutu ya juujuu piga brashi ya waya, endelea na maisha. Ukienda Ilala au Grogan kule Nairobi, wakati unapatana bei ya injini, dai mfuko wa bolti kabla hujatoa hela. Ukishalipa, bolti zinageuka bidhaa nyingine.

Ya pili, hii nyeusi mpya ya 8.8. Nzuri kabisa, mradi upate yenye uzi wa 1.25, na hizo inabidi uzitafute. Namba zake zinasomeka hivi: 8 ya kwanza ni nguvu ya kukatika, niutoni 800 kwa milimita ya mraba, ya pili inasema itaanza kuvutika bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Nikifanya hesabu, bolti moja tu ya milimita 10 inabeba zaidi ya tani nne kabla ya kukatika. Mark II nzima haifiki huko! Ndiyo maana nasema, mkiona bolti ya mauntingi, ile mikono inayoshikilia injini kwenye gari, imekatika, mara nyingi ilikuwa imelegea kwanza, ikaanza kupigwapigwa. Ila kichwa kikiwa kitupu, hakina namba wala alama ya kiwanda, hiyo ni ya kufungia geti.

Ya tatu, wadau wa mbio mtanichukia: 12.9 ya alenki, yenye tundu la pembe sita kichwani. Inapendeza, na muuzaji ataisifia. Hapa siipendekezi. Ukikaza mpaka nguvu yake yote, uzi wa tundu ndio utakaoachia kwanza, kwa sababu tundu ni laini kuliko bolti. Na kile kichwa chake kidogo kinazama kwenye breketi usipoweka washa ngumu.

Hii inayong'aa, A2-70, ni stenlesi. Iache kwa vifuniko na mapambo. Inaanza kuvutika kwenye 450, chini ya ile nyeusi, na ikikutana na alumini kwenye hewa ya chumvi kama ya Dar, Tanga au Mombasa, alumini inaliwa.

Urefu nao una mambo. Kwenye chuma cha kusubu, kama bloku ya 1JZ, uzi ulioshika uwe angalau sawa na unene wa bolti. Kwenye alumini, mara moja na nusu au zaidi. Ikizidi urefu ndiyo hatari ya kimya: bolti inagota chini ya tundu, spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inalia "ta!", fundi anaridhika, kumbe breketi haijabanwa. Chomeka waya kwenye tundu, pima kina, toa unene wa breketi kwenye urefu wa bolti, linganisha. Bolti za giaboksi zina urefu tofauti, kwa hiyo chora duara kwenye kipande cha boksi na uzichomeke kila moja mahali pake.

Halafu zile pini mbili fupi kati ya injini na giaboksi. Si bolti, lakini bila hizo bolti haziwezi kuweka giaboksi katikati. Zikibaki kwenye injini ya zamani, rudi ukazitoe. Na kwa gari la otomatiki, giaboksi ikutane na injini kwa mkono, pasibaki nafasi. Kuna wanaoivuta kwa bolti mpaka ifunge. Konveta, ile sufuria ya mafuta inayounganisha injini na giaboksi, haijakaa, na unachovunja ni pampu ya giaboksi.

Kaza kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, uzi ukiwa mkavu kama kitabu hakisemi vingine, maana oili inafanya bolti ivutike kupita kipimo. Ukimaliza, piga mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye breketi. Endesha siku chache, fungua boneti, tazama mistari. Uliovunjika unakuonyesha bolti iliyozunguka. Usiikaze tu na kufunga boneti; itoe yote, angalia uzi na urefu wake, ndipo uirudishe.