Akili unde kama mkufunzi wa kazi ya mapokezi, Malindi

ChatGPT na Gemini, programu za akili unde, hazikuundwa mahususi kufundisha kazi za hoteli, ila kijana aliyeajiriwa juzi mapokezi, Malindi au Watamu, anaweza kuzitumia hivyo kwa gharama ya bando tu. Kwa mazoezi zinafaa sana. Kwa kuamua lipi ni sahihi, haziaminiki.

Kubwa ni kuifanya programu iigize mgeni. Ukiandika "nisaidie niwe mfanyakazi bora" utaletewa maneno matamu yanayomfaa yeyote popote. Eleza kazi yako, una miezi mingapi na jambo moja linalokutatiza, kisha iamrishe: "Wewe ni mgeni Mwitaliano. Umefika saa tano asubuhi, chumba hakijawa tayari, umekasirika. Sema sentensi moja, ungoje nijibu. Usinirekebishe hadi niseme basi." Hiyo amri ya mwisho usiiache. Bila yake, programu huweza kukuandikia majibu yote, nawe ukabaki msomaji tu. Robo saa yatosha. Rudia mara 3, ya mwisho kwa Kiitaliano, hata kama ni cha kuungaunga.

Baada ya "basi", usiulize "nimefanyaje?" Itakusifu hata ukiboronga, programu hizi zina mazoea ya kumpendeza anayeuliza. Sema: "Nitajie makosa 3, na kila kosa unukuu maneno yangu mwenyewe." Hapo haina pa kujificha.

Adabu ya Pwani haiijui vizuri. Huenda ikakushauri umwambie msimamizi waziwazi kwamba hukuridhika na zamu. Ukiyafikisha hivyo kwa mtu mzima, bila shikamoo wala samahani, zamu mbaya utazipata zaidi. Iarifu mapema kwamba unayezungumza naye ni mkubwa wako kwa umri.

Kwenye sheria na mshahara ndipo inapoteleza vibaya. Huweza kuchota sheria za Marekani, au kukukokotolea makato ya bima ya afya ya NHIF, ilhali tangu Oktoba 2024 ni SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara. Ukitaka kujua muda wa majaribio, bandika kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kisha ikufafanulie: usizidi miezi 6, na nyongeza isiyozidi miezi 6 kwa ridhaa yako. Kwenye wasifu wa kazi nako, kagua kila takwimu. "Niliongeza mapato kwa asilimia 30" huweza kuchomekwa hapo bila wewe kutaja mapato.

Pasipoti ya mgeni, namba ya chumba, jina lake: visiingie humo kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitambui udhuru wa "nilikuwa nafanya mazoezi."

Mazungumzo yakirefuka, ya mwanzo huanza kupotea. Kila ukimaliza, omba muhtasari wa mistari 5, ujitumie WhatsApp, uubandike mwanzoni mwa zoezi lijalo.

Walio jikoni hawatafaidi sana. Kisu cha kupasulia samaki hufundishwa na mpishi aliyesimama pembeni yako, akiona mkono wako ulipo.