Diski Nyembamba za Kukatia Chuma: Tathmini Baada ya Kushusha Paa la Lori Kuukuu

Diski hizi za grainda, zenye kipenyo cha milimita 115 na unene wa milimita 1, nilizitumia kukata nguzo za kibanda cha lori kuukuu ili kulishusha paa kwa sentimita 7, na kwa kazi hiyo zinastahili kununuliwa. Sifa yake kubwa ni wembamba: chuma kinachopotea ni kidogo, na bati halipati joto jingi la kulipinda kama inavyotokea kwa diski nene. Usahihi wa mkato mwembamba kama huo niliuhitaji zaidi kwenye nguzo za mbele, ambazo kwa kuwa zimelala kuelekea nyuma, paa likishushwa hazikutani tena na vishina vyake vilivyobaki chini ya mkato, hivyo fundi hulazimika ama kuzilaza zaidi ama kulipasua paa katikati na kuliongeza ukanda wa bati.

Kasoro yake ni udhaifu. Penye pembe zenye bati la tabaka mbili, diski mbili zilibanwa zikavunjika, nami nilisalimika kwa sababu sikuwa nimeondoa kikinga cha mashine wala barakoa ya uso. Baadaye nilichomelea mihimili ya muda ndani ya kibanda ili mwanya wa mkato usijifunge, na tatizo likaisha. Kwa kusawazisha maungio baada ya kuchomelea hazifai kabisa, kwani hazikuundwa kuhimili shinikizo la ubavuni; hapo natumia diski ya kusagia.