Programu ya filamu yenye maandishi ya lugha mbili

Wiki tatu nimeitumia kujifunzia Kiingereza. Nilianza na filamu ya 12 Angry Men ya mwaka 1957: dakika 96, karibu zote wazee wa baraza wa mahakama wanabishana chumbani kuhusu kesi, hakuna milipuko ya kufunika maneno. Kitufe cha kurudi nyuma sekunde 10 ndicho kimeniokoa. Siku mbili nzima nilirudiarudia hadi sikio likakubali kwamba “whaddaya” ni “what do you” iliyomezwa!

Maandishi ya Kiswahili niliyazima. Macho yalikuwa yanakimbilia huko, masikio yanalala. Ya Kiingereza nayo yanakatakata: mtu anasema sentensi ndefu, chini yanatokea maneno manne. Hilo linaudhi kweli. Nyota tatu.